Muda wa Kujibu Posa

Barua ya posa ikifika nyumbani kwa watu, wengi hudhani kinachofuata ni ndiyo au hapana. Nimekuwa mshenga wa ukoo wetu kwa miaka mingi, nimepeleka barua Newala, Tandahimba, Masasi na hata vijiji vya Lindi, na ninachokiona ni kingine: kitu cha kwanza kinachoamuliwa ni muda. Upande wa binti utaomba siku ngapi? Upande wa kijana utakubali kungoja kiasi gani? Hapo ndipo nguvu ya kila upande inapoonekana, kabla hata jina la binti halijatajwa.

Mchana mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika, kazi yangu ni mizani, stakabadhi na majina ya wakulima. Ushenga nimeurithi kwa mjomba. Mpwa wangu anayesoma uchumi Dodoma alipokuja likizo aliacha makaratasi yake ya darasani mezani, nikayasoma mpaka usiku mwingi kwa sababu niliona yanaieleza kazi yangu hii ya pili. Wachumi wana tawi zima linalochunguza watu wanavyopatana pale ambapo kukitaka kitu hakutoshi, ni lazima nacho kikutake: mwanafunzi na chuo, daktari na hospitali, mume na mke. Kupatana huko wanakuita soko. Hakuna anayeuzwa, ni pande mbili zinazotafutana, na kila mtu ana anayempenda zaidi, anayempenda kidogo, na ambaye afadhali akae peke yake kuliko kuishi naye.

Mwaka 1962 wanahisabati wawili wa Marekani, David Gale na Lloyd Shapley, waliuliza: je, inawezekana kuwaoanisha wanaume na wanawake wa mahali fulani hivi kwamba wasipatikane wawili ambao kila mmoja angemwacha wake amfuate mwenzake? Wakathibitisha kwamba inawezekana siku zote, na wakaonyesha njia. Kila mwanaume apose kwanza kwa anayempenda kuliko wote. Kila mwanamke awakatae wote isipokuwa aliye bora kati ya waliokuja, na huyo naye asimkubali bado, amshikilie tu. Waliokataliwa waende kwa wa pili kwenye orodha zao. Aliyeshikiliwa akipitwa na mgeni aliye bora, aachiwe naye aendelee na safari. Hivyo hivyo mpaka posa ziishe, ndipo kila binti amkubali aliyebaki. Shapley alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Alvin Roth, aliyeyapeleka mawazo hayo kwenye hospitali na shule. Gale alikuwa ameshafariki, 2008.

Hapo kwenye kumshikilia mtu bila kumkubali niliwaona wazee wetu wazi kabisa. Safari moja tulikwenda Newala, tukaketi kwenye jamvi barazani. Barua ilikuwa ndani ya bahasha pamoja na kishika uchumba, bahasha imefungwa kwenye leso nyeupe, leso imewekwa kwenye sahani na kufunikwa kawa. Baba wa binti alikuwepo, ameketi pembeni. Aliyekaa mbele yetu ni mjomba, maana kwetu Wamakonde, kama kwa Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo unahesabiwa kwa mama na neno zito ni la kaka yake mama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba wanangu. Karibuni."

"Tumekaribia, mjomba. Tumepita hapa tukaona ua zuri, tukasema tusipite kimya."

Hakuifungua barua. Aliifunua kawa, akaitazama ile leso, akaifunika tena. "Tumeipokea," akasema. "Ila mimi si mwenye mji peke yangu. Mama zake wapo, na mwenyewe yupo. Mtasikia kutoka kwetu."

"Lini, mjomba?"

"Mkiona kimya kimezidi mwezi, njooni mtukumbushe."

Kijana wetu alitoka pale amekasirika, akidhani amedharauliwa. Nilimweleza njiani kwamba amepata heshima kubwa: hakukataliwa. Kama angekuwa hafai, leso ingerudi nasi siku ileile au kesho yake kwa maneno laini. Alikuwa ameshikiliwa. Labda kulikuwa na barua nyingine ndani, labda walikuwa wanangoja mtu fulani aseme. Hiyo haikuwa dharau kwake, ilikuwa haki yao.

Tofauti ni kwamba Gale na Shapley walidhania watu wote wanafuata utaratibu mmoja, raundi kwa raundi, kama wameitwa kwenye mkutano wa kijiji. Watanzania tunaufahamu mfumo wa namna hiyo. Mtoto akimaliza darasa la saba hachagui sekondari kwa kuzunguka na bahasha, anapangiwa. Kuanzia 2010 Tume ya Vyuo Vikuu ilikuwa na mfumo wa pamoja wa udahili: unajaza machaguo yako sehemu moja, mfumo unakupangia chuo. Mwaka 2017 ukaondolewa, waombaji wakarudi kuomba chuo kimoja kimoja, na mara tukaanza kuona orodha ndefu za waliochaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, wakitakiwa kuthibitisha kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Mmoja anashikilia nafasi tatu, watatu nyuma yake wanangoja hewani. Hivyo ndivyo soko lisilo na mpangaji linavyokuwa. Na ndoa, hapa kwetu, haijawahi kuwa na mpangaji. Kuna familia mia zinazoanza kwa nyakati tofauti, hakuna anayeona soko zima, na kila jibu linalocheleweshwa au kuharakishwa linagusa watu ambao hata hawajui kwamba wamo kwenye hesabu.

Nichukue vijana wanne wa kufikirika. Hamisi anampenda Somoe kwanza, Zuhura ni wa pili. Issa anampenda Zuhura kwanza, Somoe wa pili. Kwa mabinti ni kinyume: Somoe anamtaka Issa zaidi ya Hamisi, na Zuhura anamtaka Hamisi zaidi ya Issa. Wavulana wakianza kuposa, Hamisi anakwenda kwa Somoe, Issa kwa Zuhura. Hakuna binti mwenye barua mbili, kwa hiyo hakuna anayekataliwa, na harusi zinafungwa. Wavulana wote wamepata chaguo la kwanza na mabinti wote wamepata la pili. Ndoa hizi hazina wa kuzivunja, kwa sababu Somoe hata akimtamani Issa, Issa ametulia kwa Zuhura. Sasa fikiria mabinti ndio wangeanza. Somoe angekwenda kwa Issa, Zuhura kwa Hamisi, nazo zingekuwa ndoa imara vilevile, ila safari hii wenye furaha kamili wangekuwa wao. Watu ni walewale na mapenzi ni yaleyale. Kilichobadilika ni nani alifungua mdomo kwanza. Gale na Shapley walithibitisha kwamba si bahati ya mfano mdogo: pale watu wanapokuwa na mpangilio kamili wa wanaowapenda, upande unaoposa unapata ndoa bora kuliko zote unazoweza kuzipata kwa utulivu. Baadaye ikaonekana kwamba upande unaongojea unapata iliyo duni kuliko zote katika hizo zinazodumu.

Mimi ni Mswahili wa Kusini, nimezaliwa nikikuta mwanaume ndiye anayeposa, na sikuwahi kufikiri kwamba desturi hiyo ina gharama na kwamba gharama yote inabebwa na upande mmoja.

Lakini binti hayuko bila silaha. Rudi kwa wale wanne. Hamisi amefika kwa Somoe, na Somoe, ingawa anamwona anafaa, anasema hapana. Hamisi anakwenda kwa Zuhura. Zuhura anampenda Hamisi kuliko Issa, kwa hiyo anamwachia Issa. Issa anabaki bila mtu, anapeleka barua kwa Somoe. Somoe anapokea. Hapana moja imewahamisha watu wanne, na mabinti wawili wamepata wanaowataka, mmoja wao bila hata kujua sababu. Roth alionyesha mwaka 1982 kwamba hakuna utaratibu wa kuleta ndoa imara unaoweza kumfanya kila mtu asiwe na haja ya kuficha moyo wake. Wanaoposa kwa utaratibu ule wa raundi hawana cha kupata kwa kuficha, wanaoposwa wanacho. Bibi zetu waliokuwa wakiwafundisha mabinti wasikubali upesi walikuwa wanajua jambo hilo bila kulisomea.

Nimeliona likitokea. Mtoto wa dada yangu aliletewa posa na familia nzuri ya Masasi. Kijana hana kasoro: anafanya kazi, anasali, hanywi. Wazee wote tuliridhika. Yeye akasema bado. Bibi akamwita chumbani, nami nilikuwa mlangoni.

"Mwanangu, unamngoja nani?"

"Simngoji mtu, bibi."

"Basi unangoja nini?"

"Nangoja nijue kama ninamtaka yeye au ninataka tu yaishe."

Bibi alinyamaza, kisha akatoka kuniambia nikawajibu watu wa Masasi kwamba binti bado anajitazama. Nikaenda nikawajibu. Walikasirika kidogo, wakachukua leso yao, wakaoa kwingine, na hivi leo tunasalimiana vizuri. Binti yetu aliolewa muda mrefu baadaye, na mtu aliyemtaka.

Kilichompa ubavu wa kusema bado ni mikorosho. Mama yake ana shamba alilorithi kwa mama yake, na sehemu ya miti ile ni ya binti. Kila msimu jina lake lipo kwenye kitabu changu, kilo zake zinapimwa kwa jina lake, fedha inaingia kwenye akaunti yake. Asingeolewa mwaka ule angekula, angevaa, angelala kwa mama yake. Zamani kijana wa Kimakonde ndiye aliyehamia kwa wakwe, akalima shamba la mama mkwe, akatazamwa tabia. Aliyekuwa mvivu alirudi kwao. Sitaki kudanganya kwamba wanawake wa Kusini walikuwa malkia, wajomba walikuwa na amri kali. Ila binti aliyekuwa na ardhi ya ukoo chini ya miguu aliweza kungoja, na anayeweza kungoja ndiye anayeweza kukataa. Ninapoona leo ardhi ya ukoo wa mama inauzwa kipande kipande na fedha zinakwenda kwenye pikipiki za watoto wa kiume, ninaona uwezo wa kukataa nao unauzwa.

Kama kungoja ni nguvu, basi haraka ni wizi, na hapa nitaongea kama karani wa korosho. Kila mwenyeji wa Mtwara na Lindi anajua kangomba. Kabla ya msimu, Julai au Agosti, mkulima hana hela ya salfa wala ya ada, mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua. Anakuja mtu na fedha mkononi, anamlipa bei ndogo kwa korosho ambazo hazijaanguka. Ikifika Oktoba bei imepanda mnadani, mkulima anaangalia mzigo wake ukiondoka. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianzishwa mwaka 2007 kuliziba tundu hilo: korosho ziende ghalani kwanza, wanunuzi washindane mbele ya wote, wakulima wasikie bei waseme ndiyo au hapana. Na wamewahi kusema hapana. Mwaka 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala waliigomea bei ya minada, mpaka Serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo.

Nayaeleza haya kwa sababu posa nazo zina kangomba. Mwali anatoka unyagoni, hajamaliza hata shule, na tayari kuna mtu ameongea na baba. Anayekuja mapema hivyo anajua anachofanya. Anajua kwamba binti huyu akifika kidato cha nne, akiona watu, akipata kazi yake, barua zitakuwa nyingi na yeye hatakuwa wa kwanza. Kwa hiyo anawahi kabla ya mshindani na kabla ya binti mwenyewe kujijua. Baba naye, mwenye shida ya leo, anaona fedha ya leo.

Madaktari wa Marekani walipitia hayohayo. Katika miaka ya 1940 hospitali zilishindana kuwapata wanafunzi wa udaktari mpaka zikawa zinawaajiri miaka miwili kabla hawajahitimu, wakati hakuna anayejua nani atakuwa daktari mzuri na wa fani gani. Vyuo vikakubaliana kutotoa taarifa za wanafunzi kabla ya tarehe fulani. Hospitali zikahamia kwenye mbinu nyingine: zinatoa nafasi na kutaka jibu ndani ya saa chache, ili mwanafunzi asipate nafasi ya kusikia kwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaanzisha ofisi moja ya kuoanisha, na Roth alipoichunguza baadaye akakuta utaratibu wake unafanana na ule wa Gale na Shapley, ingawa walioutunga hawakuwa wamewasoma. Kilichowasukuma ni kuchoka kuwahiana.

Sisi hatutaanzisha ofisi ya kuozesha watoto, Mungu atuepushe. Kilichopo ni sheria, na ninaithamini kuliko wengi ninaoketi nao jamvini. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili. Sheria hiyohiyo iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 huku mvulana akitakiwa kufikisha 18. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016, kwenye kesi ya Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali hivyo mwaka 2019. Mwaka 2016 pia ikawekwa adhabu ya miaka 30 jela kwa anayemuoa mwanafunzi. Wapo wanaosema huko ni kuingilia mila. Mimi nasema ni ghala. Mtoto aachwe akomae ndipo wenye nia wafike wote, na yeye awepo kusikia.

Haraka ya pili ni ya msimu wenyewe. Malipo ya korosho yakishuka, Novemba na Desemba, Masasi nzima ni vigodoro na maturubai. Posa wiki hii, mahari wiki ijayo, harusi mwisho wa mwezi, kwa sababu kijana anajua fedha hii haitafika Februari. Sina ugomvi na sherehe. Ugomvi wangu ni jibu la wiki moja. Nimeona ndoa za Desemba zikirudi kwa wazee kusuluhishwa kabla ya masika kwisha, na ninapowauliza wawili hao walijuana lini, wananitajia mnada wa pili au wa tatu.

Kuna hesabu nyingine inayowabana mabinti wa huku, na hii haina wa kulaumiwa. Sensa ya 2012 ilikuta Mtwara ina wanaume 599,648 na wanawake 671,206, yaani wanaume kama 89 kwa kila wanawake 100. Humo wamo wazee na watoto, sawa, lakini kila anayeishi hapa anajua vijana wa kiume wanakokwenda. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, Dar es Salaam ikawa safari ya siku, na vijana wakaondoka na mabegi. Bomba la gesi na kiwanda cha saruji cha Dangote vikaleta wageni Mtwara mjini, wengi wao wakiwa na mke kwao. Mwaka 2017 watafiti Itai Ashlagi, Yash Kanoria na Jacob Leshno walichapisha jambo lililonishtua: watu wakichukuliwa kwa bahati nasibu, upande mmoja ukizidi hata kwa mtu mmoja tu, upande ulio mchache unapata karibu na wanachokitaka, na hapo suala la nani anaposa linakaribia kupoteza maana. Kwa hiyo binti wa Mtwara anabanwa mara mbili, kwa desturi na kwa idadi. Shangazi akimwambia "umri unakwenda", ni idadi hiyo inayoongea kupitia kinywa cha shangazi. Ndoa ya mke wa pili inapunguza pengo kidogo, lakini haimwongezei binti subira. Mara nyingi ndiyo tishio analopewa.

Ipo kanuni inayopendwa sana mtandaoni, kwamba uwatazame asilimia 37 ya kwanza ya wachumba bila kumchukua yeyote, kisha umchukue wa kwanza anayewapita wote hao. Hisabati yake ni sahihi kwa mtu anayechagua peke yake. Kwenye posa yule unayemchagua naye anakuchagua, kwa hiyo iacheni.

Bila mpangaji, je, mambo hujipanga yenyewe? Roth na John Vande Vate walionyesha mwaka 1990 kwamba ukianza na mchanganyiko wowote, halafu kila wanaotamaniana wakapewa nafasi ya kuungana mmoja baada ya mwingine kwa bahati nasibu, mwisho utafika kwenye ndoa imara. Federico Echenique na Leeat Yariv waliwaweka watu halisi kwenye maabara waoane kwa uhuru, kila mmoja akijua wote wanampenda nani, na mara nyingi walifika kwenye utulivu wenyewe. Palipokuwa na namna zaidi ya moja ya kutulia, walielekea ile ya katikati, isiyompa kila kitu upande wowote. Habari njema, lakini safari ya kufika huko inaweza kuwa ndefu mno, na kila hatua yake maishani ni mtu aliyeachwa. Maabara haina mtoto wa miezi sita.

Ndiyo maana ninaheshimu zile siku 21 za tangazo la ndoa ambazo sheria inazitaka, na matangazo ya Jumapili tatu kanisani Masasi na Ndanda. Vijana wanaziona kero. Ni nafasi ya mwisho ya kumsikia mtu mwingine kabla kuachana hakujawa talaka. Niliwahi kuona pingamizi likiletwa siku ya mwisho kabisa, mama mwenye mtoto mgongoni, na harusi ikasimama. Wenye kadi walinung'unika kuhusu michango. Bibi harusi alikuja kunishukuru baadaye.

Simu nazo zimelipanua soko hili kupita macho ya mshenga. Binti wa Liwale anaandikiana na kijana wa Mwanza. Sioni ubaya, idadi ile ya 89 inahitaji mlango wa nje. Shida ni kujua nani anamaanisha. Soohyung Lee na Muriel Niederle walifanya jaribio Korea Kusini: washiriki wa huduma ya kutafuta wachumba walipewa maua machache ya kuambatanisha kwenye maombi yao, na maombi yenye ua yakakubaliwa zaidi, kwa kuwa ua lililo chache haliwezi kurushwa ovyo. Ujumbe unaotumwa kwa wasichana kumi usiku mmoja hausemi chochote. Mtu aliyepanda basi kutoka Mwanza mpaka Liwale akaketi jamvini mbele ya mjomba amesema jambo kabla hajafungua mdomo.

Sasa lile lililobaki, la nani aanze. Nimelileta mbele ya wazee na limeleta ubishi mkali. Hoja yangu niliichukua msikitini, sikuichukua kwenye makaratasi. Bi Khadija, mwanamke mwenye mali yake, ndiye aliyemtaka Mtume, na alimtuma Nafisa kwenda kuulizia. Nafisa alikuwa mshenga wa upande wa kike. Kila mzee pale barazani anakijua kisa hiki na hakuna aliyewahi kukiona ni aibu, ila likifika kwa binti yake linakuwa jambo la kuangalia chini.

Halafu jambo lenyewe likatufika. Binti mmoja wa ukoo, mwenye duka la vipodozi Nachingwea, alimwambia shangazi yake anamtaka mwalimu fulani aliyekuwa mteja wake, na shangazi akanileta mimi. Nilikwenda bila leso na bila kawa, nikaongea na kaka mkubwa wa mwalimu kwa maneno ya kawaida: kwetu yuko mtu anamfikiria mdogo wako vizuri, kama naye moyo uko huko, tungependa tusikie. Kaka alicheka kwa mshangao, kisha akawa makini, akasema atamuuliza. Mwalimu alikubali. Barua ikaletwa na upande wao kama desturi, mahari akatoa yeye kama dini inavyotaka, mkaja wa mama na kilemba cha mjomba vikalipwa. Wazee walipoona hakuna kilichovunjika si cha dini wala cha ukoo, ubishi ulipoa.

Tangu hapo simu zinakuja. Wiki iliyopita amenipigia mama mmoja wa Ruangwa, ana binti muuguzi, anataka niende Kilwa kuongea na familia ya kijana fulani anayemwona anafaa. Nimemuuliza binti mwenyewe amesema nini. Ameniambia hajamuuliza bado, anataka kwanza kujua kama upande wa pili watakubali. Nimemwambia Kilwa sitakwenda mpaka nimsikie muuguzi mwenyewe kwenye simu.